Fanny Crosby alitunga nini hasa: maneno, tuni, au vyote?

SautiYaPili

Bwana Yesu asifiwe wapendwa.

Kwaya yetu inaandaa jioni ya tenzi za zamani, na mimi nimebebeshwa ratiba, ile karatasi ya kugawia watu mlangoni. Mwenyekiti anataka chini ya kila wimbo kuwe na jina la mtunzi. Nilijua nitamaliza chapchap, kumbe nimejitia kwenye ugomvi.

Zinazonisumbua ni Usinipite Mwokozi, Ndio Dhamana, Ni Wako Wewe na Yesu Kwetu ni Rafiki. Katibu anasema zote niandike "Fanny Crosby, kipofu" na yaishe. Mzee mmoja wa besi anasema hakuna binadamu aliyewahi kutunga nyimbo 8,000, hiyo ni chumvi, na huenda hilo jina ni la kampuni tu. Halafu kuna kijana wa sauti ya tatu, huyo ameapa kwamba yule mama hakutunga tuni ya hata wimbo mmoja kati ya hizo, kwa hiyo kumwita mtunzi ni kumdanganya msikilizaji.

Nimepekua mtandaoni mpaka macho yameniuma. Kila ninapofungua nakuta ushuhuda wa kuliza watu, ila nani alitunga nini hawasemi. Mwenye kujua vizuri anisaidie kabla karatasi hazijaenda kuchapwa. Na kama kuna la kusema juu ya maisha yake kwa dakika mbili tatu kabla hatujaimba, nitashukuru sana.

Mtumishi_Mnyenyekevu

Dada usihangaike. Mama huyo alikuwa muujiza unaotembea. Daktari alimpofusha akiwa mtoto, akasamehe, Mungu akamlipa nyimbo 8,000. Andika jina lake kote, mbarikiwe.

KinandaChakavu

Dada SautiYaPili, katibu wako kakosea wimbo mmoja, mzee wa besi kakosea hesabu, na huyo kijana wa sauti ya tatu yuko sawa isipokuwa mwishoni, pale anapomnyima mama wa watu jina la mtunzi.

Yesu Kwetu ni Rafiki utoe kwenye orodha ya Crosby. Maneno ni ya Joseph Scriven, mtu wa Ireland aliyehamia Kanada, na tuni aliitia Mmarekani Charles Converse mwaka 1868. Crosby hahusiki hata kwa ujirani. Ni mazoea yetu tu: utenzi ukiwa mtamu na wa zamani, tunampa yeye.

Hizo tatu nyingine maneno ni yake, tuni si zake. Usinipite Mwokozi na Ni Wako Wewe zilitiwa tuni na William Howard Doane. Ndio Dhamana ni tuni ya Phoebe Knapp. Na hivyo ndivyo ilivyokuwa karibu kazi yake nzima ya tenzi: yeye mshairi, mwingine mwanamuziki. Si kwamba muziki ulimshinda, alipiga piano, kinubi na gitaa, na kuimba alijua. Ila kazi aliyoajiriwa nayo ilikuwa maneno.

Mimi ni mpiga kinanda, kwa hiyo mtanisamehe nikimtetea Doane kidogo, maana kwenye shuhuda zetu hatajwi kabisa. Alikuwa tajiri wa Cincinnati, mkuu wa kiwanda cha mashine za kuchania na kuranda mbao, mwenye hataza kadhaa za mashine kwa jina lake. Mchana mbao, muda unaobaki tenzi. Mwaka 1868 alimfikia Crosby akiwa na haraka, zimebaki dakika 40 treni iondoke, na kichwani ana tuni isiyo na maneno. Akaipiga. Crosby akasikiliza, akajitenga chumba cha pili, na kabla ya muda kwisha akawa ameshayasema maneno ya Safe in the Arms of Jesus yakaandikwa. Doane akaondoka nayo. Wimbo huo ulizunguka dunia nzima, na ulianza kwa mtu anayeogopa kuachwa na treni.

Ndio Dhamana nao ulianza hivyohivyo, tuni kwanza. Phoebe Knapp alikuwa mke wa mkuu wa kampuni ya bima ya Metropolitan Life, New York, mama mwenye uwezo na mwenye kipaji. Mwaka 1873 alimpigia Crosby tuni yake mpya, akamuuliza hii inasema nini. Crosby akamjibu kwa mstari ule wa kwanza tunaoujua wote. Ukitaka kuona kwa nini jibu lile lilikaa, hesabu mizani: Ndi-o dha-ma-na Ye-su wa-ngu. Tisa. Kiingereza chake nacho tisa. Tuni inakwenda kwa mapigo matatu matatu, tatu ndani ya tatu, kwa hiyo inayumba yenyewe bila kusukumwa. Wapiga kinanda wanaoilazimisha iende mapigo manne wanaiua, na waimbaji wanabaki wanahema katikati ya neno. Nimeyasikia hayo mara nyingi kuliko ninavyopenda.

Usinipite Mwokozi ilikwenda kinyume. Maneno yalitangulia mwaka 1868, tuni ya Doane ikafuata 1870. Hapo ni mizani nane na tano: U-si-ni-pi-te Mwo-ko-zi, kisha U-ni-si-ki-e. Mstari mfupi ndio unaobana pumzi, ndio unaoufanya uwe ombi. Crosby mwenyewe alisimulia kwamba alikuwa amekwenda kuzungumza na wafungwa, akasikia mmoja wao akipaza sauti kumwomba Mungu asimpite. Akarudi nyumbani, akaandika.

Mzee wa besi mpelekee hesabu hii. Crosby alianza kazi ya tenzi kwa mchapishaji mwaka 1864 na alifariki 1915. Hiyo ni miaka 51. Mkataba wake na kampuni ya Biglow & Main kwa muda mrefu ulikuwa tenzi tatu kwa wiki. Tatu mara wiki 52 mara miaka 51, unapata 7,956. Hakuna muujiza hapo, kuna mtu aliyeamka asubuhi akafanya kazi yake. Kampuni hiyo peke yake ilinunua kwake zaidi ya 5,900, na nyingi hazikuchapwa hata siku moja.

SautiYaPili

Mwalimu, ubarikiwe! Nimemtumia mzee wa besi ile hesabu, amenyamaza, na kwetu hilo ni tukio.

Ila nisaidie mambo mawili. Kwanza hayo maisha yake. Mtumishi hapo juu anasema daktari alimpofusha, wengine wanasema alizaliwa hivyo. Pili, kuna kitabu nilichokikuta chenye tenzi ambazo watu wanasema ni zake lakini zina majina mengine kabisa, sijui Grace nani. Niamini lipi?

KinandaChakavu

Majina ni yake hayohayo. Grace J. Frances ni yeye, Ella Dale ni yeye, Julia Sterling ni yeye. Yanafika karibu 200. Sababu ni ya kibiashara: wachapishaji hawakutaka mnunuzi afungue kitabu cha tenzi akute nusu yake ni ya mtu mmoja. Kwa hiyo kijana wa sauti ya tatu na mzee wa besi wote wamekosa kitu kitamu zaidi. Badala ya kampuni kujificha nyuma ya jina la mtu mmoja, mtu mmoja alifichwa nyuma ya majina 200.

Maisha yake nikikueleza kama ningeyasema mimi mbele ya watu:

Alizaliwa tarehe 24 Machi 1820 huko Southeast, kijiji cha jimbo la New York. Akiwa na wiki sita hivi macho yalivimba, mtu aliyeitwa kumtibu akamwekea dawa ya moto ya haradali. Familia iliamini hiyo ndiyo iliyomharibu. Madaktari wa siku za karibuni wanaona huenda alizaliwa na tatizo lenyewe. Crosby alisema hana kinyongo na yule mtu, basi. Mtumishi, sikupingi, ila hapo ningepita kwa sentensi moja, maana watu wakishamwonea huruma mama wa watu hawasikii tena kwamba alikuwa hodari.

Baba yake alifariki yeye akiwa hajatimiza mwaka. Alilelewa na mama na bibi, na jirani mmoja aliyewapangisha nyumba akawa anamkaririsha Biblia, sura baada ya sura kila wiki. Alipofika miaka 15 alikuwa na Injili zote nne kichwani, vitabu vitano vya Musa, Mithali na zaburi nyingi. Hapa ndipo ningekaa zaidi. Ukijiuliza mtu anapata wapi maneno ya tenzi tatu kwa wiki, ghala lake ni hili. Alitunga kichwani bila kuandika, mara nyingi ameshika kijitabu mkononi kwa mazoea tu, akitunza tenzi kadhaa kwa mpigo, halafu anamtamkia mtu anaziandika.

Mwaka 1835 aliingia shule ya wasioona ya New York, akabaki hapo kama mwanafunzi kisha mwalimu mpaka 1858. Sehemu hii shuhuda nyingi zinairuka, nadhani kwa sababu haina kanisa ndani yake. Alikuwa maarufu kabla hajaandika utenzi hata mmoja wa kuajiriwa. Mwaka 1844 alitoa kitabu cha mashairi, na mwaka huohuo akaghani mbele ya wabunge wa Marekani kutetea elimu ya wasioona. Kijana mmoja aliyeajiriwa shuleni pale mwaka 1853 alikuwa akimnakilia mashairi yake, anaitwa Grover Cleveland. Baadaye alikuwa rais wa nchi.

Pale pale shuleni alitunga na mwalimu wa muziki, George Root, nyimbo za kawaida za mapenzi na maua zilizoimbwa nchi nzima miaka ya 1850. Rosalie, the Prairie Flower inatajwa kumwingizia Root karibu dola 3,000. Crosby alipata dola moja au mbili kwa shairi. Na bei hiyo haikubadilika sana hata kwenye tenzi. Hakimiliki ilikuwa ya mwenye tuni na mchapishaji, mshairi alipewa chake mkononi akaenda zake. Hilo linaniuma, na sioni sababu ya kulifunika kwa neno "kujitoa". Kweli alikuwa mtu wa kugawa, aliishi maeneo ya watu wa hali ya chini pale Manhattan kwa kupenda kwake na alihudumu kwenye misheni za walevi na wasio na makazi. Lakini mtu kugawa alichonacho ni jambo moja, na kulipwa kidogo ni jambo lingine.

Mwaka 1849 kipindupindu kiliingia New York, yeye akabaki kuuguza. Mwaka uliofuata, tarehe 20 Novemba 1850, kwenye mkutano wa Wamethodisti, wakiimba utenzi wa Isaac Watts, alisema ndipo moyo wake ulipopata nuru. Mshairi aliyeguswa na shairi la mwenzake. Aliolewa 1858 na Alexander van Alstyne, mpiga kinanda, naye asiyeona. Walipata mtoto mmoja, akafa angali mchanga. Crosby alisema machache mno kuhusu mtoto huyo. Wanaosimulia marefu wanasimulia ya kwao.

Aliyemwingiza kwenye tenzi ni William Bradbury, mwaka 1864, Crosby akiwa na miaka 43. Bradbury mnamjua bila kujua kwamba mnamjua: tuni ya Cha Kutumaini Sina ni yake. Utenzi wa kwanza ambao Crosby alimwandikia ulikuja kuimbwa kwenye mazishi ya Bradbury mwenyewe, 1868.

MalengaWaKando

Nimesoma uzi wote, asante KinandaChakavu. Lakini kuna mtu aseme ukweli. Kama mashairi, mengi ya Crosby ni maji. Picha zilezile, msalaba, mto, nuru, nyumbani, vina vilevile. John Julian kwenye kamusi yake kubwa ya tenzi ya mwaka 1892 alimsema vibaya, na sioni kama alimwonea. Tenzi 8,000 na zinazosimama ni ngapi? Kuandika kwa oda kuna gharama yake.

KinandaChakavu

Malenga, Julian alisema nyingi ni dhaifu, na kwa wingi wake hajakosea. Hakuna anayeandika tatu kwa wiki zote zikawa dhahabu. Mimi mwenyewe zipo nisizotaka kuzipiga, kiitikio kinarudi mpaka vidole vinasinzia.

Lakini wewe ni mtu wa mashairi, usipime kwa macho peke yake. Kwenye taarabu nani anashangaa mshairi kuwa mwingine na mwenye kutia muziki mwingine? Na nani analipima shairi la taarabu bila kulisikia likiimbwa? Crosby aliandikia umati. Sankey, mwimbaji aliyeimbisha kwenye mikutano ya mhubiri Moody, alisema kwamba mwaka 1875 kule London hapakuwa na utenzi uliopendwa kuliko Usinipite. Watu maelfu, wengi hawakuwahi kuusikia, na kiitikio lazima wakiweze kabla beti la pili halijaanza. Hiyo picha "ileile" unayoilaumu ndiyo iliyomwezesha mgeni wa dakika tatu aimbe pamoja na aliyezaliwa kanisani.

Tazama Usinipite ilivyojengwa. Ombi ni moja tu tangu mwanzo hadi mwisho. Beti zinabadilisha mahali pa kuombea, ombi halibadiliki, na kiitikio kinaita mara mbili kabla hakijaomba. Hakuna pambo. Mshairi mwenye kujionyesha angeongeza. Kuacha nako ni ufundi, na Julian nadhani alikuwa amekaa mezani anasoma.

Kuhusu oda: Ni Wako Wewe aliutunga akiwa mgeni nyumbani kwa Doane, baada ya mazungumzo ya jioni juu ya kumkaribia Mungu. Ukachapwa 1875. Oda ilikuwepo na mazungumzo yalikuwepo. Sijui kwa nini kimoja kifute kingine.

MalengaWaKando

Hoja ya taarabu imenikamata. Hiyo ya beti zinazobadilika na ombi linalobaki nitaitazama tena. Maua na mito bado sijaisamehe.

SautiYaPili

Basi ratiba imekaa hivi: Usinipite Mwokozi na Ni Wako Wewe, maneno Fanny Crosby, tuni W. H. Doane. Ndio Dhamana, maneno Fanny Crosby, tuni Phoebe P. Knapp. Yesu Kwetu ni Rafiki, maneno Joseph Scriven, tuni Charles Converse. Neno "kipofu" nimelitoa, katibu amenuna lakini amekubali.

Swali la mwisho mwalimu, halafu nakuacha upumzike. Mwenyekiti anataka tufunge na To God Be the Glory, anasema nao ni wa Crosby na ndio uliompa umaarufu Marekani enzi zake. Ni kweli?

KinandaChakavu

Wa Crosby ni kweli, tuni ya Doane tena. Huo wa umaarufu ndio si kweli, na kisa chake ni kizuri kuliko alichosema mwenyekiti.

Ulichapwa 1875, na Marekani haukushika. Uliwekwa vitabuni wachache wakauimba, basi. Uingereza ndiko ulikobaki ukiimbwa. Mwaka 1954 mhubiri Mmarekani Billy Graham alipokuwa na mikutano yake London, ukaingizwa kwenye kitabu cha nyimbo cha mikutano ile, wakaona unavyopokelewa. Mwaka huohuo wakaupeleka Nashville, na Wamarekani wakaupokea kana kwamba ni mpya. Karibu miaka 80 imepita! Wenye kazi hawapo tena: Crosby alifariki Februari 1915 huko Bridgeport, Connecticut, Doane akamfuata Desemba mwaka huohuo. Crosby hakutaka kaburi la fahari, akawekewa jiwe dogo lenye maneno ya Marko 14:8, "ametenda alivyoweza". Jiwe kubwa wakaja kumjengea watu wengine mwaka 1955.

Kuuweka mwisho ni sawa. Ila waambie besi kiitikio kina noti ndefu za kushikilia na wasizikatishe kwa hamu ya kumaliza, na mpiga kinanda wako asiuanze kwa kasi, maana beti zina maneno mengi na hakuna atakayefika beti la tatu akiwa na pumzi.